Jaribio la Mchore Mwanasayansi

Jaribio la Mchore Mwanasayansi ni kipimo kinachotumiwa katika utafiti wa elimu kuchunguza taswira ambayo watoto na vijana wanayo kuhusu watu wanaofanya kazi ya sayansi. Mshiriki hupewa karatasi na kalamu, akaambiwa achore mwanasayansi. Watafiti kisha huhesabu alama fulani katika mchoro wake. Kwa kuwa hakihitaji kusoma wala kuandika, kipimo hiki huwafaa hata watoto wa chekechea.

Chimbuko

Mwaka 1957, wanaanthropolojia Margaret Mead na Rhoda Métraux walichapisha uchunguzi wa insha za wanafunzi wapatao 35,000 wa shule za sekondari nchini Marekani. Mwanasayansi wa insha hizo alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani na koti jeupe, aliyejifungia maabarani. Wanafunzi waliisifu kazi yake kwa manufaa yake kwa taifa, lakini wengi hawakutamani kuishi maisha kama yake.

David Wade Chambers alihamisha swali hilo kutoka kwenye insha hadi kwenye mchoro. Kati ya mwaka 1966 na 1977 alikusanya michoro ya watoto 4,807, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, katika nchi za Kanada, Marekani na Australia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983.

Utaratibu

Chambers alitafuta alama saba: koti la maabara, miwani, ndevu au masharubu, vifaa vya utafiti, alama za maarifa kama vile vitabu na makabati ya majalada, mazao ya teknolojia, na maandishi kama kanuni za kisayansi. Kadiri alama zinavyozidi, ndivyo mchoro unavyohesabiwa kuikaribia taswira iliyozoeleka. Mwaka 1995, Finson, Beaver na Cramond walitunga orodha hakiki iliyorahisisha kulinganisha michoro ya makundi tofauti.

Matokeo

Katika utafiti wa Chambers, michoro ya watoto wadogo kabisa ilikuwa na alama chache. Zilianza kujitokeza wazi kwenye darasa la pili, zikaongezeka darasa hadi darasa. Ingawa wasichana walikaribia nusu ya washiriki, ni michoro 28 tu iliyoonyesha mwanasayansi mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana.

Mwaka 2018, David Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walijumlisha tafiti 78 zilizofanyika Marekani katika miongo mitano, zikiwa na washiriki zaidi ya 20,000. Wanasayansi wanawake, ambao katika michoro ya Chambers hawakufika asilimia 1, walikuwa wastani wa asilimia 28 katika tafiti zilizofuata. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na kuongezeka kwa wanawake katika taaluma za sayansi nchini humo. Hata hivyo, umri uliendelea kuwa na nguvu yake: watoto wa miaka mitano au sita walichora wanawake na wanaume kwa idadi zinazokaribiana, ilhali waliokaribia kumaliza sekondari walichora wanaume kwa wingi zaidi.

Uhakiki

Pingamizi kuu ni kwamba mchoro huonyesha kile mtoto anachojua kuwa kinatambulika kwa urahisi, ambacho si lazima kiwe imani yake. Akiambiwa achore mtu mmoja, huchagua alama zitakazomfanya mtazamaji aelewe mara moja, na koti jeupe hutosha. Mwaka 1990, David Symington na Heather Spurling walibadilisha agizo, wakawataka watoto wachore picha inayoeleza wanachojua kuhusu wanasayansi na kazi zao. Baadhi ya watoto walitoa michoro iliyotofautiana na ile ya agizo la kawaida. Kwa sababu hiyo, watafiti wengi huambatanisha jaribio na mahojiano, au humwomba mshiriki achore zaidi ya picha moja.

Matumizi

Walimu hulitumia jaribio kabla na baada ya mafunzo, kwa mfano wanafunzi wanapotembelewa na wanasayansi wanawake. Tofauti ya michoro hiyo miwili hutafsiriwa kwa tahadhari, kwani mtoto anaweza kumchora mgeni aliyemwona juzi. Vilevile, jaribio halipimi uelewa wa sayansi wala halitabiri peke yake ni nani atakayeendelea na masomo hayo.