Mpangilio wa Vizingia vya Sumaku Vinavyosogea katika Supakondakta

Kizingia cha sumaku ni uzi mwembamba wa ugasumaku unaopenya supakondakta ya aina ya pili, ukizungukwa na mkondo wa umeme. Supakondakta ya aina ya kwanza, kama zebaki, huuzuia uga usiingie ndani mpaka hali yake ya kutokuwa na ukinzani ivunjike. Ile ya aina ya pili, kama niobi, huupokea uga kidogo kidogo, kizingia kimoja kimoja. Kila kizingia hubeba flaksi ileile: weba 2.07 × 10⁻¹⁵.

Vizingia husukumana. Katika fuwele safi isiyopitishwa mkondo, hutulia katika latisi ya pembetatu, kila kimoja kikiwa na majirani sita. Chini ya uga wa tesla 1, umbali kati ya majirani ni takribani nanomita 49. Alexei Abrikosov aliitabiri latisi mwaka 1957, ingawa hesabu yake ilielekea umbo la mraba. Kleiner, Roth na Autler walionyesha mwaka 1964 kuwa pembetatu ndiyo yenye nishati ndogo zaidi. Mwaka 1967 Essmann na Träuble waliifanya ionekane kwa chembe laini za chuma zilizotua juu ya kila kizingia.

Mkondo wa umeme ukipitishwa, kani ya Lorentz huvisukuma vizingia kuelekea pembeni mwa mkondo. Kasoro za fuwele huvinasa. Vikichopoka na kusogea, hutokea volti, na pamoja nayo ukinzani.

Mwendo wenyewe una namna tatu kuu. Ya kwanza ni mtiririko wa vurugu: kani inazidi kwa kiasi kidogo tu nguvu ya kunasa, hivyo baadhi ya vizingia hupita huku jirani zao wamekwama, na latisi huraruka. Ya pili ni mwendo wa safu: vizingia hufuata mifereji iliyo sambamba, lakini safu moja huteleza kando ya nyingine bila kulingana nayo. Ya tatu ni kioo cha Bragg kinachosogea, kilichoelezwa na Giamarchi na Le Doussal mwaka 1996, ambamo mifereji hushikamana na pembetatu hurejea karibu kamili, upande wake mmoja ukielekea mwendo.

La kustaajabisha, na ndilo kiini cha somo hili, ni kwamba kasi huleta utaratibu. Kizingia kiendacho mbio hupita kasoro nyingi kwa muda mfupi, na mivuto ya kasoro hizo hujifuta kwa wastani. Koshelev na Vinokur walilieleza hilo mwaka 1994 kuwa ni kuganda upya kwa latisi kutokana na mwendo. Picha za vizingia vinavyosogea ndani ya niobi-diselenidi, zilizotolewa mwaka 1998, zilionyesha mwendo wa safu na kioo cha Bragg pia.

Katika nyaya za sumaku kubwa, mwendo wa namna yoyote ni hasara, kwa kuwa huzalisha joto. Ndiyo maana waya wa niobi-titani hutengenezwa ukiwa na vipande vidogo vya titani vilivyokusudiwa kuvinasa vizingia.