Nani anaruhusiwa kuiita honi ya ukungu?

Mtu wa Kinyala hahitaji kufundishwa ukungu ni nini. Asubuhi za baridi unafunika migomba na mashamba ya chai, na dereva akikaribia kona kwenye barabara ya Tukuyu anapiga honi kwanza, ndipo akate kona. Anayetoka upande wa pili anajua kuna gari. Sasa chukulia watoto wamekaa kando ya barabara na honi yao, wanaipiga kila wakijisikia. Haichukui siku nyingi, madereva wataacha kuijali. Siku lori likija kweli, je?

Baharini swali hili lina historia ya zaidi ya miaka 150. Zamani vyombo vilionywa kwa kengele na mizinga. Mwaka 1859 honi ya kwanza ya ukungu inayoendeshwa kwa mvuke ilifungwa kisiwa cha Partridge, Kanada, kutokana na wazo la Robert Foulis. Husimuliwa kwamba alikuwa akirudi nyumbani kwenye ukungu, binti yake anapiga piano, naye akagundua kuwa sauti nzito ndizo zinazomfikia. Kweli au hadithi, fizikia yake haina ubishi: sauti nzito husafiri mbali kuliko nyembamba. Kisha mwaka 1873 John Tyndall alianza majaribio kwenye pwani ya Uingereza, akakuta jambo la kushangaza. Ukungu wenyewe hauzuii sauti sana, ila siku nyingine angavu sauti hupotea njiani kwa sababu hewa imejaa matabaka yasiyolingana.

Kwa miaka mingi mlinzi wa mnara ndiye aliyeamua honi ilie lini. Baadaye walinzi wakaondolewa, zikaja mashine za kutambua ukungu: zinarusha mwanga na kupima kiasi kinachorudi. Lakini mashine hudanganyika, na honi huweza kulia mchana kweupe.

Hapa ziwa letu lina mfano mzuri. Livingstone alifika Ziwa Nyasa mwaka huohuo wa 1859, na katika kitabu chake cha mwaka 1865 aliandika kuhusu "kungo", mawingu ya wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi, ambao wenyeji waliwakusanya na kuwafanya chakula. Jina lenyewe lina maana ya ukungu. Huenda mashine ya mwanga ingewaona wadudu hao ikaanza kupiga honi. Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi hawezi kukosea hivyo.

Ndiyo maana Walinzi wa Pwani wa Marekani walihamishia uamuzi kwa nahodha. Kwenye minara mingi yao, nahodha anaweka redio yake ya VHF kwenye chaneli iliyotajwa, mara nyingi 83A, na kubonyeza kitufe cha kuongelea mara tano mfululizo. Honi inaamka, inalia kwa muda uliopangwa, kama dakika 45 hivi au zaidi, kisha inanyamaza yenyewe. Rubani naye huwasha taa za viwanja vidogo vya ndege kwa njia hiyohiyo.

Je, mtu aliyeko ufukweni anaweza kuiamsha kwa redio ya mkononi? Kiufundi, ndiyo. Kisheria, hapana. Huko Marekani mashua ndogo ya matembezi inaruhusiwa kutumia VHF bila leseni, lakini ruhusa hiyo ni ya chombo kilicho majini. Ukishuka nchi kavu nayo mkononi, unahitaji leseni ya kituo cha pwani. Kwetu pia masafa ya redio hayachukuliwi tu. TCRA ndiyo inayotoa leseni.

Ukali huu una mzizi. Mwaka 1912 Titanic ilipozama, mawimbi ya redio yalijaa sauti za watu wa nchi kavu, ujumbe ukachanganyika, na magazeti yakachapa kwamba abiria wote wamepona. Zaidi ya watu 1,500 walikuwa wamekufa. Mwaka huohuo Marekani ikatunga sheria ya leseni za redio na kuwasukuma watumiaji wa kujifurahisha kwenye masafa yao. Tangu hapo kanuni imebaki ileile: njia ya mawasiliano ya baharini ni ya walio hatarini baharini.

Tangu mwaka 2021 MV Mbeya II inabeba hadi abiria 200 kwenye Ziwa Nyasa. Nahodha wake akisikia mlio ndani ya ukungu, lazima auamini papo hapo, bila kujiuliza kama kuna mtu anacheza. Ukiwa nchi kavu ukaona chombo kimepata shida, chukua simu upige 114, Zimamoto na Uokoaji. Hiyo ndiyo honi yako.