Rubi na Dhahabu: Thamani Iliyohamia Mikononi mwa Wengine

Anayeteremka kutoka Nkubu kwenda Mitunguu huvuka mpaka ambao haukuandikwa kwenye kibao chochote cha barabarani. Nyuma yake unabaki udongo mzito wa volkano ulioachwa na Mlima Kenya. Mbele, kuelekea Tharaka, yanaanza mawe ya kale zaidi, sehemu ya kile ambacho wanajiolojia hukiita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo ulipikwa kwa joto na kukandamizwa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na ndani yake ndimo zilimozaliwa rubi za Montepuez kule Msumbiji, za Winza na Longido nchini Tanzania, na za Mangare katika Taita Taveta. Mitunguu yenyewe inajulikana kwa ndizi na kwa mradi wa maji ya kunyunyizia mashamba, wala sidai kwamba chini ya migomba yake kuna hazina. Lakini pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu inatamaniwa hapo kama inavyotamaniwa Mombasa au Mumbai, na wengi hudhani tamaa hiyo imeletwa na televisheni na maduka ya Nairobi. Mimi naona historia inasema vingine. Kupenda pambo linalong'aa ni jambo la zamani sana huku bara. Kilichotutoka ni ufundi wa kulitengeneza, na ufundi huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani.

Kuna watakaosema kwamba mvuto uko ndani ya jiwe na ndani ya madini, na fundi ni msaidizi tu. Hoja hiyo ina uzito. Dhahabu haishiki kutu. Iliyozikwa kaburini miaka elfu tatu hutoka ikiwa na rangi ileile. Rubi ni madini ya alumini yaliyochanganyika na kiasi kidogo cha kromiamu, na kwa ugumu inashindwa na mawe machache mno, almasi ikiwa mbele yake. Kromiamu hiyohiyo huifanya rubi nyingi ionekane kana kwamba inawaka kwa ndani inapopigwa na jua. Hayo ni maumbile, hakuna binadamu aliyeyaweka. Hata hivyo maumbile peke yake hayatoshi kueleza bei wala heshima. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la Uingereza, liitwalo Black Prince's Ruby, lilisujudiwa kama rubi kwa karne nyingi, na leo tunajua kwamba ni spineli, madini tofauti kabisa. Wafalme walipendezwa na wekundu wake, ukubwa wake na habari za waliolimiliki, bila kujua lilikuwa nini. Chukua pia rubi iliyopatikana Montepuez mwaka 2022. Ilipotoka ardhini ilikuwa na uzito wa karati 101. Baada ya kukatwa na kunolewa ilibaki na karati 55.22, na mwezi Juni 2023 ikauzwa New York katika mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 34.8, bei ambayo hakuna rubi iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Karibu nusu ya jiwe ilitupwa kama vumbi, na ni kwa kutupwa huko thamani ilipopanda. Anayesema fundi ni msaidizi tu na aeleze hesabu hiyo.

Huku Meru, kabla ya dhahabu kulikuwa na chuma, shaba nyeupe na shaba nyekundu. Wahunzi wa Wameru, wa Tharaka na wa Embu walifua mikuki, simi na majembe, na kwa moto uleule walifua mikufu, bangili na vikuku. Mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja, maana laana yake ilidhaniwa kuwa kali kuliko ya mtu mwingine. Malighafi yake haikuwa ya karibu tu. Misafara ya Waswahili na Wakamba iliyokuja kutafuta pembe za ndovu katika karne ya 19 ilileta shanga na nyaya za shaba, na nyaya hizo zilizungushwa mikononi na miguuni mwa wanawake kwa mtindo uliotofautiana kutoka kabila hadi kabila. Joy Adamson, aliyepewa na serikali ya kikoloni kazi ya kuchora picha za watu wa Kenya kuanzia mwaka 1949, aliikuta mitindo hiyo ikikaribia kwisha, na picha zake, nyingi zikiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, zinastahili kutazamwa polepole. Mapambo yanayoonekana humo yalikuwa yakisema jambo. Yalitangaza rika la aliyeyavaa, kama ameolewa, kama ana watoto, kama nyumba yake ina mali. Shaba ilitoka mbali, ikanunuliwa kwa gharama, lakini ilipata maana yake hapa, mikononi mwa mtu aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka msomaji aishike: kitu kilikuja kikiwa malighafi, kikageuzwa kuwa pambo nyumbani.

Pwani hali iligeuka mapema zaidi, na kwa nguvu. Kilwa ilitajirika kwa kusimamia dhahabu iliyotoka bara, upande wa Zimbabwe, kupitia bandari ya Sofala, na sultani wake al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, alitengeneza sarafu za dhahabu zenye jina lake. Kisha mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na meli za kivita na kumlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na kwa amri ya mfalme Manuel ikafuliwa kuwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho hadi leo kinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini humo. Wareno hukihesabu miongoni mwa kazi bora za usonara katika historia yao, na ni kweli ni kazi bora. Anayekitazama husoma jina la fundi, Gil Vicente, na jina la mfalme. Kilwa hutajwa kama mahali dhahabu ilipotoka, basi. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo jinsi jasho la upande mmoja linavyokuwa sifa ya upande wa pili.

Usonara wa pwani haukufa kwa pigo hilo. Masonara wa Lamu, Mombasa na Unguja, Waswahili kwa Wahindi, waliendelea kufua vipini vya pua, vidani, majasi na bangili, wakifuata mitindo ya Gujarati na Omani na kuongeza ya kwao. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliwaleta masonara wa Kihindi hadi Nairobi. Kutoka upande mwingine, kuanzia miaka ya 1910, Wamethodisti wa Kaaga na Wakatoliki wa Consolata walileta Meru ndoa ya kanisani pamoja na pete yake. Hapo ndipo mtu anaweza kunipinga kwamba pete ni ngeni na haihusiani na shaba ya mhunzi. Ngeni ni umbo lake na madini yake. Kazi yake, yaani kumwonyesha kila apitaye kwamba mtu huyu amefunga agano na ukoo fulani, ilikuwa ikifanywa na bangili na kikuku zamani. Pengine ndiyo sababu watu waliipokea upesi, hali mapambo mengine ya asili yakikemewa na wamisionari kuwa ya kishenzi. Mhunzi ndiye aliyepoteza. Jembe lilianza kuletwa kutoka viwandani ng'ambo, mikuki ikakosa kazi, na pete ikanunuliwa ikiwa tayari. Ukoloni uliikuta dhahabu ya Kenya yenyewe: mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson aliigundua Kakamega, na Desemba 1932 sheria ya ardhi za Waafrika, iliyoahidi kwamba anayepokonywa ardhi atapewa nyingine, ilibadilishwa haraka ili alipwe fedha tu. Dhahabu ilichimbwa, ikasafirishwa.

Rubi nayo ilifuata njia hiyohiyo baada ya uhuru, jambo linalouma zaidi. Mwaka 1973 mwanajiolojia Mmarekani John Saul na mwenzake Elliot Miller waligundua rubi za Mangare, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Mwaka uliofuata Saul alifukuzwa nchini katikati ya mzozo wa umiliki uliogusa wakubwa serikalini na kuihusisha Marekani. Mgodi bado unaitwa kwa jina lake. Nyingi za rubi zake hazipitishi mwanga vizuri, hivyo husuguliwa zikawa mviringo kama tone badala ya kukatwa pembe, lakini zilizo safi zinasifika kwa wekundu mkali. Wakenya waliovaa rubi za Mangare ni wachache. Mawe ya Afrika Mashariki kwa kawaida huuzwa mabichi, yakasafiri hadi Thailand ambako mji wa Chanthaburi na masoko ya Bangkok yamejenga utaalamu wa kuyapasha moto na kuyakata, na yakirudi hurudi ndani ya pete yenye bei ambayo mchimbaji hawezi kuilipa. Mkulima wa Mitunguu hahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana mkungu wake hununuliwa na dalali kando ya shamba kwa bei ya dalali.

Sasa, je, anunue pambo la zamani au la kisasa? Wapenzi wa vitu vya kale husema cha zamani ndicho cha kweli. Nawaunga mkono kuhusu dhahabu: mapambo ya Kihindi na ya pwani yalifuliwa mara nyingi kwa dhahabu ya karati 22, yaani takriban asilimia 92 dhahabu tupu, ilhali pete nyingi za leo ni za karati 9, ambamo dhahabu ni asilimia 37.5 tu. Alama za nyundo na za tupa katika kazi ya mkono pia zina uhai ambao mashine ya kumimina haijauiga. Kuhusu jiwe, hata hivyo, umri si dhamana. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa moto maabarani, na baada ya miaka michache mawe hayo yalijaa madukani duniani kote. Pete ya bibi ya mwaka 1920 inaweza kuwa na rubi ya kiwanda, na bibi asijue. Wapo wanaouliza ubaya uko wapi, kwa kuwa kemia ni ileile. Ubaya hauko katika jiwe. Uko katika kuliuza kwa jina na bei ya jiwe la mgodini. Baya zaidi ni biashara iliyoenea kuanzia miaka ya 2000 ya kujaza nyufa za rubi duni kwa kioo chenye risasi. Jiwe hilo linapendeza dirishani, lakini moto wa sonara anayerekebisha pete, au hata maji ya ndimu, huweza kuliharibu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wale wanaouliza kwa nini familia inayolipa karo kwa ndizi iwaze rubi. Ninaiheshimu hoja hiyo, ila inachanganya vitu viwili. Dhahabu ni akiba, na kihistoria imekuwa akiba ya mwanamke hasa, mali ambayo pwani na Uhindini alibaki nayo hata ndoa ilipovunjika. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu iliuzwa chini ya dola 300. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Bangili ya karati 22 hupimwa mizani, ikauzwa siku ya shida. Rubi haina mizani ya namna hiyo. Isipokuwa ile ya nadra sana, mnunuzi wa kawaida akitaka kuiuza atapata sehemu ndogo ya alichotoa. Basi rubi inunuliwe kwa mapenzi, kwa kumbukumbu, kwa wekundu wake, na dhahabu ndiyo ibebe jukumu la akiba. Aliyeviweka pamoja katika pete moja bila kujua kipi ni kipi amejipunja.

Wengine wataniambia kwamba kazi ya kukata mawe haiwezekani hapa, kwamba soko letu ni dogo na mashine ni ghali. Chanthaburi haikuzaliwa na mashine. Ilijifunza kwa migodi yake, na migodi ilipopungua ikabaki na mafundi, na mafundi hao ndio wanaoleta mawe ya dunia mlangoni mwao. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo na kuigawa mirabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Ni hatua njema, lakini mrabaha hulipwa juu ya kilichochimbwa, na mapato makubwa huanza baada ya hapo, kwenye meza ya mkataji na ya sonara. Vyuo vya ufundi vya Meru, Embu na Taita Taveta hufundisha uchomeleaji na umakanika. Viongeze usonara na ukataji wa vito, vipewe walimu na mawe ya kujifunzia. Nawe unayepanga kununua pete mwaka huu, mwambie muuzaji apime dhahabu mbele yako, akuandikie karati zake kwenye risiti, na aandike pia jiwe limetoka wapi na limefanyiwa nini. Akikataa kuandika, mwachie pete yake.