Fukusi wa Migomba na Mabomu ya Machozi ya Kamachumu

Mtu akiitaja Kamachumu, kule Muleba mkoani Kagera, wengi hukumbuka ndizi, kahawa na baridi ya asubuhi. Historia inapakumbuka kwa jambo jingine pia. Mwaka 1953 polisi wa serikali ya kikoloni waliurushia mabomu ya machozi mkutano wa wananchi waliokuja kumsikiliza Ali Migeyo, kiongozi wa TAA huko Buhaya. Miongoni mwa mambo yaliyowachemsha watu siku zile ni mdudu: fukusi wa migomba.

Fukusi huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki, kama ilivyo asili ya ndizi yenyewe. Ni mdogo, mweusi, mdomo umechongoka kama mkonga. Mabawa anayo, lakini ni nadra kuyatumia. Hutembea usiku, tena si mbali. Sasa mdudu wa namna hiyo alivukaje bahari hadi akafika miinuko ya Kamachumu?

Alibebwa na watu. Jike hutaga mayai kwenye tunguu la mgomba, funza wakaingia ndani na kuchimba mahandaki, hata mgomba ukaanguka na mkungu wake. Kwa nje chipukizi huonekana zima kabisa. Baba anampa kijana wake miche ya kuanzia kibanja, jirani anamgawia jirani, na fukusi anakwenda humo humo. Ukitaka kujua njia aliyopita, fuata undugu na ujirani.

Liko jingine lililojulikana baadaye sana. Mwaka 2016 Mercy Kitavi na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Majina ya ndizi hizo ni mengi. Wahaya peke yao wana Nshakara, Nchoncho, Entobe, Nyoya na nyingine tele. Lakini vinasaba vilionyesha tofauti ndogo mno, na watafiti wakaona kwamba yaelekea zote zimetoka kwa mmea mmoja wa kale, ulioenezwa kwa machipukizi kizazi hata kizazi. Kwa fukusi hiyo ni karamu. Kibanja kimoja kikimfaa, cha pili nacho hakiwi na kizuizi kikubwa.

Turudi 1953. Serikali iliamuru migomba yenye fukusi ing'olewe. Sitasema amri ile haikuwa na msingi wowote, maana mabaki ya migomba yanayooza ndiyo maskani ya mdudu huyu. Lakini kibanja cha Mhaya ni chakula, ni rubisi ya harusi, ni makaburi ya babu zake. Tena Bukoba ilikwisha kuchafuka mwaka 1937 kwa sababu ya kanuni za kilimo cha kahawa, na watu hawakuwa wamesahau. Ukimpelekea mtu huyo amri na askari, atakachokiona ni shamba lake linaloharibiwa, wala si fukusi. Migeyo alikamatwa akafungwa. Julai 7, 1954 TAA ikageuka TANU, na Buhaya ilikuwa na watu waliokwisha kuonja moshi.

Baadaye zilikuja dawa kali, dieldrin ikiwamo. Dawa iliua wengi, lakini wachache waliozaliwa na kinga walibaki wakazaana wao kwa wao, hata katika nchi kadhaa, jirani zetu Uganda wakiwamo, ikapatikana jamii ya fukusi wasioijali dawa hiyo.

Kinachofaa zaidi ni kazi ya kisu na sufuria. Chipukizi humenywa tunguu lake mpaka weupe, penye mahandaki pakatupwa, kisha huzamishwa katika maji ya moto ya nyuzi kama 54 kwa dakika 20. Maruku, karibu na Bukoba, wataalamu wamefanya kazi ya ndizi kwa miaka mingi, na iko aina ya Yangambi Km5 ambayo fukusi huishinda kwa taabu. Wazee husema ladha yake si ya Nshakara. Hapo siwezi kuwabishia.