Kombu: Mwani Uliotoka kwa Waainu

Geuza pakiti ya tambi za dakika mbili, zile zinazookoa mtu tarehe 27 mshahara ukiwa bado, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta E621. Tangu niache chuo nimekula hiyo E621 pengine kuliko ugali, na miaka yote nilidhani ni kemikali tu ya kiwandani. Kumbe ilitolewa kwanza kwenye mwani.

Mwaka 1908, profesa wa kemia jijini Tokyo, Ikeda Kikunae, alitaka kujua supu ya kwao inapata wapi ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi. Supu hiyo huchemshwa kwa kombu, mwani wa kahawia uliokaushwa. Ikeda akapata ndani yake glutamati, ladha akaiita umami, na mwaka uliofuata Ajinomoto ikaanza kuuzwa dukani. Siku hizi glutamati hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya miwa au wanga, kwa hiyo mwani wenyewe haumo tena.

Hadithi husimuliwa hivyo, ikianza na profesa. Lakini yeye aliikuta kombu jikoni. Nani aliileta?

Kwanza, kombu si mwani kama ule akina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaoufunga kwenye kamba. Ule wetu ni mwani mwekundu, unapenda maji ya joto. Kombu inataka baridi. Ipo kwenye kundi la mwani wa kahawia, na hata mmea wa kawaida si: haina mizizi, ina kishikio tu kinachong'ang'ania mwamba, na chakula inakifyonza kwa mwili mzima. Jani lake hufika mita kadhaa. Cha kushangaza ni uzazi wake. Jani hutoa chembe za uzazi, chembe zinakua kuwa vijidudu dume na jike usivyoweza kuviona kwa macho, na hao ndio wanaozaa jani kubwa tena. Ni kama mtoto afanane na nyanya yake tu, kamwe si na mamake.

Halafu kombu hukusanya madini ya iodini kutoka baharini kuliko karibu chakula kingine chochote. Iodini yenyewe iligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 na Bernard Courtois, kwenye jivu la mwani. Ikikosekana mwilini, shingo huvimba, mtu anapata rovu. Ndiyo maana chumvi yetu hutiwa iodini. Wachina wa bara, mbali na bahari, walikuwa na rovu, na waganga wao walijua kwa karne nyingi kwamba mwani unasaidia, kabla mtu yeyote hajajua iodini ni nini.

Basi kukawa na soko China, na kombu ikawa kaskazini kabisa, kwenye kisiwa ambacho leo ni Hokkaido. Wakati huo Wajapani walikiita Ezo, na wenyeji wake walikuwa Waainu. Mwaka 1604 serikali ya Tokugawa iliupa ukoo wa Matsumae haki ya pekee ya kufanya biashara nao. Meli zikapanda na mchele, zikashuka Osaka na kombu na samaki.

Kutoka Osaka kombu ilisonga kusini hadi Satsuma, jimbo lililovamia ufalme wa Ryukyu mwaka 1609. Satsuma haikuufuta ufalme huo. Iliuacha uendelee kupeleka zawadi kwa mfalme wa China, ili bidhaa zipite mlango huo: kombu iende, dawa na hariri zirudi. Janja kabisa. Baadaye, mwaka 1868, Satsuma ilikuwa kati ya waliouangusha utawala wa Tokugawa, na sehemu ya nguvu yake ilitokana na biashara za aina hii, pamoja na sukari iliyolimwa visiwani kwa kulazimishwa.

Hii ndiyo sababu Okinawa, ambako maji ni ya joto na kombu haioti, watu wamekuwa wakiila sana. Wanaikata nyembamba na kuikaanga na nyama ya nguruwe, wanaiita kubu irichi. Chakula cha asili chenye asili ya mbali.

Na Waainu je? Biashara iligeuka kazi. Wafanyabiashara wa Kijapani walikodi fukwe, wakawafanyisha wenyeji kazi kwenye kambi za uvuvi kwa malipo duni. Mwaka 1789, huko Kunashiri na Menashi, Waainu waliasi wakaua Wajapani 71. Waainu 37 wakauawa kama adhabu. Mwaka 1869 Ezo ikapewa jina Hokkaido na kumezwa rasmi. Sheria ya Japani inayowatambua Waainu kuwa watu wa asili ilipitishwa mwaka 2019. Ndiyo, juzi tu.

Waainu wana neno kompu, maana yake mwani huohuo. Wataalamu wa lugha bado wanabishana ni nani aliyemkopa mwenzake. Mimi si mtaalamu, lakini nikifikiria mwani huu unaota kwa nani, dau langu naliweka kwa Waainu.