2021/22: Msimu ambao mabinti wetu waliachwa kwa mataa

Kila nikiongea kuhusu ligi ya wanawake ya Kenya, lazima kuwe na msee wa kuuliza, "Kwani hiyo ligi iko?" Iko, buda. Imekuwa hapo miaka mingi, viwanja vikiwa na vumbi na mashabiki wa kuhesabika. Na kuna msimu wake mmoja ambao nadhani kila mtu anayependa mpira hapa Kenya anafaa kuujua. Leo sitakuwekea jedwali la nani alimaliza wa ngapi, kwa sababu shida ya msimu huo haikuwa nani alishinda. Shida ni kwamba aliyeshinda hakuwa na mahali pa kwenda.

Turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 2021, CAF walianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake kwa mara ya kwanza. Hii ilikuwa kitu kubwa. Kabla ya hapo, ukibeba ligi ya Kenya umebeba ligi ya Kenya, basi. Unapiga picha na kombe, unapanda matatu, unarudi nyumbani. Sasa kukawa na ngazi ya juu: bingwa wa nchi anapambana na mabingwa wa majirani, mshindi wa ukanda wetu wa CECAFA anaenda kuonekana na Afrika nzima.

Mchujo wa kwanza wa CECAFA ulichezewa hapa hapa Nairobi. Walioingia kwa jina la Kenya ni Vihiga Queens, timu inayodhaminiwa na kaunti, nyumbani kwao Mumboha kule Luanda. Hawa walikuwa wamebeba ligi 2017, 2018 na 2019 mfululizo. Tarehe 9 Septemba 2021 wakakutana kwenye fainali na CBE ya Ethiopia, timu ya Loza Abera, straika ambaye mabeki wa ukanda huu hawataki kumuona hata kwa ndoto. Vihiga 2, CBE 1. Timu ya kaunti kutoka Magharibi ikakata tikiti ya Misri, kwenye toleo la kwanza kabisa la mashindano hayo.

Mwezi uliofuata, Harambee Starlets wakaingia kwenye mchujo wa kombe la Afrika la 2022. Wakaifunga Sudan Kusini jumla ya mabao 15 kwa 1 katika mechi mbili. Iliyobaki ilikuwa Uganda, nyumbani na ugenini. Ukipita Uganda uko Morocco. Na ile Morocco haikuwa tu kombe la Afrika. Ndiyo pia ilikuwa njia ya kwenda Kombe la Dunia la 2023. Starlets walikuwa wamefika kombe la Afrika mara moja tu, 2016 kule Cameroon. 2018 waliambiwa wameingia baada ya Equatorial Guinea kuondolewa, halafu uamuzi ukageuzwa dakika za mwisho wakaachwa nje. Kwa hivyo unaelewa vile hii nafasi ya 2022 ilikuwa tamu.

Sasa fuata hii kalenda pole pole.

Novemba 2021, Vihiga Queens wako Misri wanacheza na miamba ya Afrika. Tarehe 11 Novemba, wakiwa bado huko, Waziri wa Michezo wakati huo, Amina Mohamed, akalivunja shirikisho la soka, FKF, na kuunda kamati ya muda ikiongozwa na jaji mstaafu Aaron Ringera. Vihiga hawakuvuka hatua ya makundi. Waliondoka nyumbani kukiwa na shirikisho na wakarudi wakipata kamati.

Wacha niwe fair kabla mnivamie. Serikali haikuamka tu asubuhi ikaamua kuvunja kitu. Kulikuwa na maswali mazito kuhusu pesa za umma na vile zilitumika, na mashabiki wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tulishangilia. Tulisema hatimaye. Wachezaji walikuwa wakilia miaka na miaka kuhusu marupurupu na nauli. Kama kuna mtu alihitaji usafi kwenye mpira, ni hao mabinti.

Lakini sheria ya FIFA inajulikana hata na mtoto wa darasa la nne: serikali ikichukua usukani wa shirikisho, nchi inafungiwa. Sisi tulijua. Waliokuwa ofisini walijua. Na bado hakuna aliyeuliza swali rahisi: ni nani ana mechi karibuni?

Jibu lilikuwa Starlets. Mechi za Uganda zilikuwa Februari 2022. CAF ilikuwa bado inatambua shirikisho lililovunjwa, si kamati ya serikali. Vuta nikuvute ya karatasi na barua ikaendelea huku wasichana wakifanya mazoezi, na mwisho wake Kenya ikawa imejiondoa. Uganda wakapita bila kupiga mpira hata mmoja. Tarehe 24 mwezi huo huo, FIFA wakatangaza wameifungia Kenya, pamoja na Zimbabwe.

Na hapo ndipo msimu wa 2021/22 unaniuma. Ligi iliendelea. Mabinti waliamka, wakafunga viatu, wakasafiri kaunti hadi kaunti kucheza kila wikendi, wakijua kwamba juu ya ile ngazi kuna mtu amekata vidato. Ushinde mechi zote, ufunge mabao 30, haikuwa inabadilisha kitu. Hakukuwa na mchujo wa CECAFA unaokusubiri. Hakukuwa na timu ya taifa ya kuitwa. Skauti wa nje hawezi kukuona ukicheza na mabingwa wa nchi nyingine kwa sababu hukubaliwi kucheza nao. Baadaye kukawa hadi na ubishi kama mpira uliochezwa wakati huo uhesabiwe ama utupwe.

Agosti 2022 mchujo wa CECAFA ukafanyika Dar es Salaam bila klabu ya Kenya. Simba Queens wakashinda. Hao Simba Queens walikuwa kwenye mchujo wa Nairobi mwaka uliotangulia, na aliyeondoka na tikiti alikuwa Vihiga. Safari hii wao wakaenda Morocco na wakafika nusu fainali ya Afrika, timu ya kwanza ya ukanda wetu kufanya hivyo, wakamaliza wa nne. Hongera kwao, waliitolea jasho. Lakini siwezi kuacha kujiuliza timu yetu ingefika wapi.

Fainali ya mashindano hayo ilichezwa tarehe 13 Novemba 2022. Kenya ilifunguliwa tarehe 28 Novemba 2022. Wiki mbili baadaye, manze.

Watu watasema hata wanaume waliumia. Kweli, Harambee Stars waliondolewa kwenye mchujo wa AFCON na klabu zetu hazikucheza Afrika. Sikatai. Lakini mwanaume anayecheza ligi yetu ana milango mingine kidogo: mashabiki wanaomjua, wadhamini, runinga. Binti wa ligi yetu alikuwa na mlango mmoja tu, ndio kwanza umefunguliwa, ukafungwa kabla rangi ikauke.

Mnajua ile methali ya ndovu wakipigana nyasi ndizo huumia. Mimi inanikera kidogo, kwa sababu nyasi mvua ikinyesha zinamea tena. Miaka ya straika haimei. Ukiwa na 23 leo, mwaka kesho uko 24, na goti lako halijui kama kulikuwa na kesi kortini. Mimi niliacha chuo, najua kupoteza mwaka kunakaa aje. Tofauti ni kwamba mimi niliamua mwenyewe. Hao waliamuliwa na watu waliovaa suti, ambao wengi wao hawajawahi hata kukanyaga Mumboha.

Kitu kinanipa moyo ni vile walirudi. 2024 Kenya Police Bullets wakafika fainali ya CECAFA kule Ethiopia. Mwaka huo huo Junior Starlets wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, wanaume kwa wanawake, kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na wakaipiga Mexico 2-1 kule Jamhuri ya Dominika. Oktoba 2025 Starlets wakaitoa Gambia na kurudi kwenye kombe la Afrika, miaka tisa baada ya Cameroon. Kwa hivyo msiniambie shida ilikuwa talanta. Talanta ilikuwa hapo 2021, ikiwa na tikiti mkononi.

Sisemi wezi waachwe kwa sababu kuna mechi. Wakamatwe, washtakiwe, wafungwe wakipatikana na makosa. Mtu anaweza kupelekwa kortini bila nchi nzima kutolewa uwanjani. Ila siku nyingine mkisikia mtu anataka kuvunja ama kupindua kitu pale kwenye ofisi za mpira, na mtasikia tena, hii ni Kenya, kabla tushangilie tufungue ratiba kwanza. Tuangalie nani anacheza wiki ijayo, kisha tumuulize mheshimiwa: huyu umempangia nini?