Mfugaji wa Wyoming, kesi ya Kisutu na simu za Bariadi

Februari 8 mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 30 tangu John Perry Barlow atangaze uhuru wa mtandao. Aliandika tamko hilo akiwa Davos, Uswisi, siku ileile Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya mawasiliano ya Marekani iliyotaka pia kubana maudhui ya intaneti. Aliziambia serikali zote kwamba huku mtandaoni hazina mamlaka.

Watu wa Sola na Bariadi, mkoani Simiyu, wangepatana naye, maana alikuwa mfugaji. Kwa miaka 17 aliendesha ranchi ya ng'ombe ya familia yake huko Wyoming, huku akitunga maneno ya nyimbo za Grateful Dead, bendi ya mahipi.

Profesa Fred Turner wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anaeleza kuwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani waliiona kompyuta kama mtambo wa jeshi na wakubwa. Wakati sisi tukitoka kwenye Azimio la Arusha kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, wao, mahipi, walihama miji na kuanzisha vijiji vyao visivyo na mabwana. Stewart Brand akawachapishia Whole Earth Catalog mwaka 1968, orodha ya zana za kujitegemea. Vijiji vingi vilivunjika mapema, lakini wazo la jamii isiyo na bosi likahamia kwenye kompyuta.

Mwaka 1990 afisa wa FBI alimfuata Barlow kumhoji kuhusu programu ya Apple iliyoibwa. Mhojiwa ndiye aliyegeuka mwalimu, akimweleza afisa kosa analolichunguza ni lipi. Mwaka huohuo Barlow, Mitch Kapor na John Gilmore wakaunda EFF, taasisi ya kutetea haki mtandaoni.

Kwetu Tanzania wazo hilo la jamii isiyo na bosi lilipata sura mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walipoanzisha jukwaa la mtandaoni la Jambo Forums, baadaye JamiiForums. Mwananchi aliandika kwa jina bandia, akamwaga nyaraka, akabishana na mkubwa bila kupiga magoti. Siasa za 2008 zilipochemka, kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ikimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa na mbunge wetu wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, akijiuzulu uwaziri, mijadala haikungoja tena magazeti ya asubuhi.

Ugomvi mkubwa ulikuja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 32 kinawapa polisi nguvu ya kudai taarifa za watumiaji. Polisi walitaka kujua walioandika kwenye JamiiForums ni akina nani. Melo akakataa kuwataja. Alikamatwa Desemba 13, 2016 na siku tatu baadaye akapandishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Shitaka moja lilikuwa kuzuia uchunguzi. Jingine lingemchekesha Barlow: kuendesha tovuti isiyotumia anwani ya .tz. Yaani mtandao uliotangazwa hauna mipaka ulidaiwa cheti cha kuzaliwa.

Kesi zilikuwa tatu. Katika moja, Juni 2018, alionekana hana kesi ya kujibu. Katika nyingine, Aprili 2020, alitozwa faini ya shilingi milioni 3. Mahakama Kuu nayo ilikuwa imekiacha kifungu cha 32 kisimame.

Barlow alifariki Februari 7, 2018. Mwezi uliofuata Tanzania ikatoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye leseni na ada. Mwaka 2025 JamiiForums ilisimamishiwa leseni kwa siku 90, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima.

Leo kijana pale stendi ya Bariadi ananunua kifurushi cha saa 24, anaingia mtandaoni kwa jina la kubuni na kulalamikia bei ya pamba. Haulizi nani alilala rumande ili jina hilo libaki siri. Mahipi walikosea kudhani uhuru wa mtandao hauhitaji sheria. Unaihitaji, tena iliyo nzuri. Basi wabunge wa Simiyu wakija kwenye mikutano ya hadhara, baada ya swali la pamba na la maji, waulizwe pia wana msimamo gani kuhusu kifungu cha 32.